Waliofika Berlin Kabla Yangu

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Berlin nilikwenda kushangaa mji, basi. Ilikuwa Oktoba 2024, nami nilikuwa Leipzig kwa wiki tatu kwenye warsha ya waandishi vijana. Wikiendi ya mwisho tukaachiwa tupumzike, na kutoka Leipzig mpaka Berlin ni kama saa moja na robo kwa treni. Nikawaza: nitarudije Dar niwaambie washikaji kwamba nimefika Ujerumani, halafu Berlin sikuiona? Wangenicheka mpaka Krismasi.

Orodha yangu ilikuwa fupi: Lango la Brandenburg, Ukuta, na mjusi wa Tendaguru. Mjusi nilimtia kwa ajili ya bibi yangu mzaa mama, mtu wa Lindi. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituhadithia kwamba baba yake aliwabebea Wajerumani mifupa ya jitu hadi bandarini, akalipwa. Sisi tukidhani ni hadithi tu, kama zile za sungura na fisi.

Sasa Ijumaa jioni mmoja wa walimu wa warsha, Mjerumani anayekisema Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu, aliniita kando akanipa fotokopi. "Kama unataka kuandika habari za Berlin," akasema, "msome kwanza aliyekutangulia."

Nikaisoma ndani ya treni. Kumbe! Mswahili wa Unguja, Amur bin Nasur, alifika Berlin mwaka 1891, akaandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za mji ule. Maandishi yake yalichapwa huko huko Berlin mwaka 1894, katika mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili uliotayarishwa na Carl Büttner. Yaani makala ya kutembelea Berlin, ambayo mimi nilidhani ndiyo itakayonitoa, iliandikwa kwa lugha yangu zaidi ya miaka 125 kabla yangu. Nilijiona kama mtu aliyeingia chumba cha wageni akakuta kitanda bado kina joto.

Basi tukafika. Lango nililiona. Ni nguzo kubwa kubwa, na juu yake farasi wanne wanavuta gari. Lilijengwa kati ya 1788 na 1791. Nikapiga picha kama wanavyopiga wote, nikatia tiki kwenye orodha. Ukuta nao haukunichukua muda. Ulisimamishwa Agosti 1961, ukafunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, na karibu na lango umebaki mstari wa mawe barabarani tu kuonyesha ulipopita. Watu wanauvuka huku wanakula soseji. Nilikuwa nimesikia habari za Ukuta tangu shule ya msingi, nikategemea kutetemeka. Sikutetemeka.

Nilitetemeka dakika chache baadaye, na hata sikuwa nimepanga. Ukitoka langoni ukakata kulia unaingia Wilhelmstraße, barabara ya maofisi na majengo ya ghorofa yasiyo na cha ajabu. Mbele ya jengo moja kuna bango la maelezo. Nikasimama kusoma kwa Kijerumani changu cha kuombea maji. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba ya Bismarck, na humo, tangu tarehe 15 Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walikaa kuzungumza juu ya Afrika. Nyumba yenyewe haipo tena. Mwafrika hakualikwa hata mmoja. Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye mambo ya pwani yetu yalimhusu kuliko Mdenmaki au Mswidi, naye hakuitwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba wakubwa hao waliketi na rula wakachora mipaka yote pale pale mezani. Hivyo sivyo hasa. Mipaka mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili. Wetu wa kaskazini ulianza kupangwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukakamilishwa 1890. Berlin walikubaliana masharti ya kugombania, kama wachezaji wanavyopatana sheria kabla ya karata kugawiwa. Lakini hawakukawia. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari, na kesho yake, tarehe 27, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters katika nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Kesho yake! Hata wino wa mkutano haukuwa umekauka vizuri. Msomaji, lishike hilo jina la Peters. Nitalirudia.

Kutoka hapo nilifuata barabara ya Unter den Linden kwenda mashariki, robo saa ya mguu, mpaka Chuo Kikuu cha Humboldt. Mimi na majengo ya vyuo si marafiki sana, lakini hapa nilikuja na fotokopi yangu mkononi kama mtu anayetafuta nyumba ya ndugu. Zamani chuo hiki kilikuwa na jina la mfalme Friedrich Wilhelm, na mwaka 1887 kilifunguliwa chini yake taasisi ya lugha za Mashariki. Wajerumani walikuwa wamejipatia makoloni, sasa wakahitaji maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wanaojua kusema na watu. Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo. Na Kiswahili hakifundishiki kwa vitabu peke yake. Anatakiwa mwenye lugha yake. Ndiyo sababu Amur bin Nasur aliletwa. Alikaa miaka kama minne, akarudi kwao.

Baada yake wakaja wengine, na mmoja wao ndiye aliyenifanya nikae kwenye ngazi za chuo kwa saa nzima na baridi ile. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Huyu alikuwa mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyesoma elimu ya dini. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu Desturi za Wasuaheli, na ukitaka kujua pwani yetu ilivyokuwa kabla ya redio na kabla ya barabara ya lami, hakuna njia ya kukikwepa. Mna uzazi, jando, ndoa, ngoma za pepo, utumwa, sheria, mpaka mazishi. Mimi nilikisoma chuoni Dar, nakala iliyochakaa, na kwa muda mrefu nilimjua kama kitabu cha Velten. Ndivyo jalada lilivyosema. Carl Velten alikuwa mwalimu Mjerumani wa taasisi ile, ndiye aliyekusanya na kuchapisha. Mtoro, ambaye sehemu kubwa ya kitabu ni kazi ya kalamu yake, alikuwa ndani tu. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1981 ndipo jina lake lilipopanda kwenye kichwa cha kitabu, naye kaburini miaka zaidi ya hamsini.

Niseme la kwangu hapa, mnisamehe. Hadithi yangu ya kwanza kuchapwa ilitoka bila jina langu. Mhariri aliniambia nafasi haikutosha. Kwa hadithi ya kurasa sita, nafasi ya maneno mawili haikutosha! Kwa hiyo habari ya jalada naielewa kwa tumbo, si kwa kichwa.

Lakini jalada lilikuwa dogo. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, binti mfanyakazi wa Berlin aliyeitwa Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakapanda meli kwenda kwao, Afrika ya Mashariki. Serikali ya koloni ikakataa wasiteremke. Mweusi kuingia na mke mweupe, hilo walowezi hawakuwa tayari kuliona kwa macho yao. Meli ikawarudisha Ujerumani. Fikiria, msomaji: mtu ameandika jinsi watu wa kwao wanavyozaa, wanavyooa na wanavyozikana, kitabu kinasomwa na maofisa wanaokwenda kutawala huko kwao, halafu maofisa hao hao wanamwambia huku kwenu huruhusiwi kukanyaga. Akaishi Ujerumani kwa kufundisha na kutoa mihadhara. Akafa Berlin mwaka 1927.

Na mwaka ule ule wa 1905, huku kusini kwetu, Vita vya Maji Maji vilikuwa vinaanza.

Mkabala na chuo, ng'ambo ya barabara, kuna uwanja uitwao Bebelplatz. Giza lilikuwa limeshaingia nilipovuka. Katikati ya uwanja kuna kioo ardhini, na taa inawaka chini yake. Nikainama. Chini kuna chumba cheupe chenye rafu tupu, nafasi ya vitabu 20,000, na hakuna hata kimoja. Ni kazi ya msanii Micha Ullman, ya mwaka 1995. Hapo ndipo tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walipochoma vitabu. Kijana mmoja wa Kihispania alinikanyaga mguu akisogeza simu yake apate picha. Hatukugombana, kila mtu pale alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

Usiku nililala kwa shangazi. Si shangazi wa damu. Alisoma na mama yangu Tanga, na anakaa Berlin tangu miaka ya tisini, mtaa wa Wedding, upande wa kaskazini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, karibu. Mikono ya baridi hiyo! Umekula?"

Nilikuwa nimekula, lakini swali lile halina jibu la ndiyo. Akaleta wali wa nazi na samaki, nazi ya kopo, akaomba radhi kwa kopo. Kisha akaniuliza nimeona nini. Nikamhesabia. Akacheka. "Kesho asubuhi tutembee hapa mtaani kwangu. Mie nimetoka Tanga, nikavuka bahari yote ile, nikapata nyumba jirani na mtaa wa Tanga."

Nilidhani ananitania. Asubuhi akanionyesha: Tangastraße. Usambarastraße. Sansibarstraße. Togo, Kamerun, Kongo, Uganda. Mtaa mzima unaitwa Mtaa wa Kiafrika, na majina ya kwanza, ya Togo na Kamerun, yaliwekwa 1899, Wajerumani walipokuwa wanajivunia mali yao. Ni majengo ya kawaida kabisa, baiskeli zimefungwa nje, nguo za watoto dirishani. Tukafika barabara pana yenye miti, shangazi akasimama chini ya kibao. "Soma hicho."

Maji-Maji-Allee.

Barabara hiyo iliitwa Petersallee mwaka 1939, wakati wa Hitler, kumtukuza yule Carl Peters niliyekwambia umshike. Mwaka 1986 wakuu wa mji hawakubadilisha jina. Walitangaza tu kwamba kuanzia sasa Peters anayekusudiwa ni mwingine, Hans Peters, aliyewapinga Wanazi. Ujanja wa sungura huo! Watu weusi wa Berlin na wenzao waliendelea kudai kwa miaka mingi, wakapelekana mpaka mahakamani, hadi Agosti 2024 jina lilipoondoka. Kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji, kingine kikapewa jina la Anna Mungunda, mama wa Kinamibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Kibao nilichokuwa nakisoma kilikuwa na miezi miwili tu. Kilikuwa bado kinang'aa.

"Siku ile tulipiga vigelegele hapa," shangazi alisema. "Majirani wengine walitoka, wengine walifunga madirisha."

Kisha akaniuliza, kama mtu anayekumbuka jambo jikoni: "Na yule mtu wa Dar pale Rosenthaler Platz, umemsalimu?"

"Nani, shangazi?"

"Yuko chini, mlangoni. Twende kwa mjusi wako kwanza, tutampitia."

Nikadhani anasema ombaomba.

Jumba la makumbusho ya viumbe liko Invalidenstraße. Ukishapita mlango tu, unamkuta. Jamani, picha zinadanganya. Ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, na shingo yake inapanda mpaka unaona aibu kwa udogo wako. Wataalamu sasa wanamwita Giraffatitan, zamani Brachiosaurus. Ameungwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja, akasimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Alikufa kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, kule ambako leo ni mkoa wa Lindi.

Wajerumani walichimba Tendaguru tangu 1909 mpaka 1913, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Mifupa iliyosafirishwa kuja Berlin ilikuwa zaidi ya tani 200. Kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi ni siku tatu nne za mwendo, na mizigo yote ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Mamia ya watu. Na angalia miaka: Maji Maji ilikwisha 1907, na nchi yote ya kusini ilikuwa imechomwa mashamba na kufa njaa. Mtu wa Lindi mwaka 1909 akisikia kuna kazi ya ujira, hata ya kubeba mawe yenye umbo la paja, atauliza nini?

Baba yake bibi alikuwa kijana wa miaka kumi na tano, kumi na sita hivi. Nilizunguka ukumbi ule mara tatu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake limehifadhika, na mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Baba yake bibi hakupewa mjusi. Huku nyumbani suala la kurudisha mifupa limewahi kufika mpaka bungeni, na najua wapo wanaolikasirikia na wapo wanaolicheka. Mimi siku ile wala sikuiwazia mifupa. Nilichotaka ni daftari la mishahara. Mahali fulani palikuwa na karani aliyeandika fulani bin fulani, mzigo mmoja, kiasi fulani. Shangazi alimpima mjusi toka juu hadi chini, akasema, "Kubeba hiki, baba? Babu yako alikuwa na shingo." Tukacheka mpaka mlinzi akatuangalia.

Tukapanda tramu. Njiani akanieleza habari za yule mtu wa Dar.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikuwa na miaka kumi, na akatumikishwa pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo hawakulipwa, yake na ya baba yake. Wakamjibu amechelewa. Naye hakuondoka. Akawa mhudumu wa hoteli, akaoa mwaka 1933, akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili, kazi ile ile ya kina Amur na Mtoro, akijiita Bayume Mohamed Husen. Akaigiza filamu pia, nyingi, zile za kuwaonyesha Wajerumani Afrika waliyoipoteza. Mojawapo ilitoka 1941, na ilimhusu Carl Peters. Mtu wa Dar es Salaam akaigiza mkalimani wa Peters. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Peters alibaki na barabara yake miaka 80 zaidi.

Tulishuka Rosenthaler Platz tukapanda Brunnenstraße kidogo, hadi namba 193. Shangazi akaonyesha chini. Kwenye mawe ya njia ya miguu, mbele ya mlango, kuna kipande cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi. Mji umejaa vipande hivyo. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, na Ulaya nzima vimeshapita 100,000, kila kimoja mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliishi kwa hiari yake kabla Wanazi hawajamchukua. Hiki kiliwekwa 2007. Kinaanza kama vingine vyote: hapa aliishi. Kisha jina, na mwaka 1904.

Nilipiga magoti. Shaba ilikuwa imefubaa kwa vumbi na viatu. Shangazi akatoa leso, akaitemea mate kidogo, mimi nikasugua. Nikasema shikamoo. Sijui kwa nini. Ilinitoka tu, na shangazi hakunicheka.

Mama mmoja wa Kijerumani mwenye mbwa alikuwa amesimama nyuma yetu akisubiri tumpishe aingie mlangoni. Nikainuka kuomba radhi. Akasema anakaa humo ndani, ghorofa ya tatu, na jiwe analiona kila siku. Shangazi akamweleza kwa Kijerumani kwamba huyu kijana ametoka Dar es Salaam, kama yule wa chini. Yule mama akanitazama, akatazama chini, kisha akauliza kama jina la kuzaliwa linatamkwaje hasa, maana amekuwa akilisema kimoyomoyo miaka yote bila kuwa na wa kumuuliza.

"Mahjub," nikamwambia.

Alikosea mara mbili. Mbwa alikuwa anavuta kamba. Mara ya tatu akapatia.